Jenerali Ogolla: Rubani mkufunzi aliyefia kazini Kaskazini mwa Bonde la Ufa

Barabara kuu itokayo Kitale hupanda hadi Kapenguria, ikateremka kwenye milima ya Marich na kuingia katika joto la Kainuk, kabla ya kunyooka kuelekea Lokichar, Lodwar, Kakuma na hatimaye Lokichoggio. Kwa mkazi wa Turkana barabara hiyo ndiyo njia ya unga, ya dawa, ya mafuta na ya walimu wanaorejea kazini baada ya likizo. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma, iliyoanzishwa mwaka 1992 na ambayo iko umbali wa kilomita zipatazo 120 kaskazini magharibi mwa Lodwar, imekuwa ikitegemea malori yapitayo papo hapo. Inapofungwa na risasi, anayemudu husafiri kwa ndege, na asiyemudu hungoja.

Ijumaa ya Februari 10, 2023, majangili waliwashambulia maafisa wa polisi karibu na Kainuk, Turkana Kusini, na kuwaua wanne kati yao. Halikuwa shambulio la kwanza wala kubwa kuliko yote. Septemba mwaka uliotangulia, watu 11, wakiwemo polisi wanane na chifu, walikuwa wameuawa huko Turkana Mashariki walipokuwa wakiwafuatia wezi wa mifugo. Lakini mauaji ya Kainuk ndiyo yaliyoifanya serikali ikubali hadharani kwamba polisi peke yao hawangeweza.

Siku tatu baadaye, Februari 13, Waziri wa Ulinzi wa wakati huo, Aden Duale, alitoa ilani katika gazeti rasmi la serikali ya kuwapeleka wanajeshi kuwasaidia polisi, naye Waziri wa Usalama wa Ndani wa wakati huo, Kithure Kindiki, akatangaza kafyu katika kaunti sita: Turkana, Pokot Magharibi, Elgeyo Marakwet, Baringo, Laikipia na Samburu. Kwa kuwa Kifungu cha 241 cha Katiba hakiruhusu jeshi kutumiwa kurejesha amani ndani ya nchi bila idhini ya Bunge la Taifa, wabunge waliitwa na kuiidhinisha hatua hiyo katika muda wa siku mbili. Operesheni hiyo ikapewa jina la Maliza Uhalifu.

Ni kazi hiyo iliyomfikisha Jenerali Francis Omondi Ogolla katika Bonde la Kerio mnamo Aprili 18, 2024, siku aliyokufa. Alikuwa Mkuu wa Majeshi ya Ulinzi ya Kenya, na ndiye wa kwanza kufariki akiwa bado anashikilia wadhifa huo. Hata hivyo, kabla ya kuwa mkuu wa yeyote alikuwa rubani, tena rubani aliyefunza marubani wengine.

JESHI LILILOKUWA LIKIANZA UPYA

Ogolla alizaliwa Februari 28, 1962. Alijiunga na jeshi Aprili 24, 1984, na Mei 6, 1985 akatunukiwa cheo cha Luteni wa Pili na kupelekwa katika Jeshi la Anga.

Tarehe hizo zina uzito ambao msomaji wa umri mdogo huenda asiutambue. Jeshi la Anga la Kenya, lililoundwa Juni 1, 1964, lilikuwa limevunjwa baada ya jaribio la kuipindua serikali ya Rais Daniel arap Moi mnamo Agosti 1, 1982, jaribio lililoendeshwa na askari wa jeshi hilo hilo. Katika kituo cha Nanyuki, waasi waliwalazimisha marubani wa ndege za kivita aina ya F-5 kuruka kwenda kushambulia Nairobi. Marubani hao wakaenda kuyaangusha mabomu katika msitu wa Mlima Kenya ambako hayangemdhuru mtu. Baada ya uasi kuzimwa, mamia ya askari walifikishwa katika mahakama za kijeshi, wengi wakafungwa na wengine wakanyongwa. Hata jina lilibadilishwa. Kwa zaidi ya mwongo mmoja likaitwa Jeshi la Anga la '82, na halikurejeshewa jina lake la awali hadi mwaka 1994.

Kijana aliyeomba kuwa rubani wa kijeshi mwaka 1984 alikuwa basi akiingia katika nyumba iliyotiliwa shaka na wenyewe. Ndege zilikuwepo, kwani zile F-5 zilinunuliwa kutoka Marekani mwaka 1978 na ndege aina ya Hawk kutoka Uingereza miaka michache baadaye. Kilichopungua ni watu wa kuaminiwa wa kuzirusha, na zaidi ya hao, watu wa kuwafunza wengine.

Ogolla alifunzwa urubani wa ndege za kivita na Jeshi la Anga la Marekani. Aliporudi nyumbani alisomea ukufunzi wa urubani katika Jeshi la Anga la Kenya. Kadhalika alipata mafunzo ya upelelezi wa kutumia picha, kupambana na ugaidi, na uchunguzi wa ajali za ndege. Somo hilo la mwisho lafaa kukumbukwa, maana lilimfanya kuwa mmoja wa maafisa wachache waliofundishwa kusimama penye mabaki ya ndege na kuuliza, hatua kwa hatua, kilichotokea.

KAZI YA MKUFUNZI

Watu wengi humfikiria rubani wa kijeshi kama mtu wa vita. Ukweli ni kwamba wakati wa amani sehemu kubwa ya saa zake angani hutumika katika mafunzo: kujifunza, kufunza, au kurudia alichokwisha kujifunza asije akakisahau. Mwanafunzi huanza kwa ndege ndogo zenye rafadha, akapanda hadi kwenye ndege zenye nguvu zaidi, na wachache tu ndio hufika kwenye ndege za kivita. Katika kila hatua, kuna mtu anayeketi nyuma yake au ubavuni pake akiwa na usukani wa pili.

Mtu huyo ndiye mkufunzi, na kazi yake ina utata wa kipekee. Humwachia mwanafunzi akosee, kwa sababu asiyekosea hajifunzi, lakini lazima aushike usukani kabla kosa halijawa mauti. Akishika mapema mno, amemnyima mwanafunzi somo, na akichelewa, wote wawili huenda wasirudi. Hakuna kitabu kinachoweza kutaja sekunde hiyo ni ipi.

Hatari ya mafunzo si ya kubuni. Mnamo Juni 24, 2021, helikopta ya Jeshi la Anga aina ya Mi-171 iliyokuwa katika mazoezi ilianguka Ole Tepesi, Kaunti ya Kajiado, na kuwaua wanajeshi wasiopungua 10. Hakukuwa na adui hapo, wala risasi. Vifo vya namna hiyo husomwa kwa siku mbili tatu katika magazeti kisha vikasahaulika, na familia zikaachwa na maelezo mafupi.

Ogolla aliendelea kusoma hata alipokuwa amepanda vyeo. Alihudhuria Chuo cha Kijeshi cha Paris nchini Ufaransa, Chuo cha Maafisa wa Ulinzi na Chuo cha Kitaifa cha Ulinzi vya hapa nchini. Alipata stashahada ya masuala ya kimataifa na sayansi ya kijeshi katika Chuo Kikuu cha Egerton. Baadaye, katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alisomea shahada ya sayansi ya siasa, mapigano ya silaha na masomo ya amani, kisha shahada ya uzamili katika masomo ya kimataifa. Rubani wa kivita aliyekwenda darasani kusomea amani akiwa mtu mzima si jambo la kila siku.

Julai 2018 aliteuliwa Kamanda wa Jeshi la Anga, akiwa na cheo cha Meja Jenerali. Kufikia mwaka 2022 alikuwa Luteni Jenerali na Naibu Mkuu wa Majeshi.

UTATA WA BOMAS

Wasifu wake hauwezi kukamilika bila kutaja siku za kuhesabu kura za urais katika ukumbi wa Bomas of Kenya, Agosti 2022. Katika hati ya kiapo aliyowasilisha kwenye Mahakama ya Juu, aliyekuwa mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi, hayati Wafula Chebukati, alimtaja Ogolla miongoni mwa maafisa wakuu wa serikali waliomtembelea kabla ya matokeo kutangazwa, akidai ujumbe huo ulitaka matokeo yabadilishwe au uchaguzi urudiwe. Mahakama iliutambua ushindi wa William Ruto.

Wengi walitarajia kwamba safari ya afisa huyo jeshini imefika ukingoni. Badala yake, Aprili 28, 2023, Rais Ruto alimpandisha cheo kuwa Jenerali na kumteua kumrithi Jenerali Robert Kibochi aliyestaafu. Rais mwenyewe alieleza baadaye kwamba alishauriwa asimteue, lakini alipopitia rekodi za maafisa aliona ndiye aliyefaa zaidi. Kuhusu kilichotokea Bomas, wananchi bado wana maoni tofauti. Kuhusu ujuzi wake wa kazi, hata waliomlaumu hawakuutilia shaka.

SIKU YA MWISHO

Asubuhi ya Alhamisi, Aprili 18, 2024, Jenerali Ogolla aliondoka Nairobi kwenda kuwatembelea wanajeshi waliokuwa wakishiriki Operesheni Maliza Uhalifu, na kukagua ukarabati wa shule.

Shule ndizo zilizokuwa kiini cha safari hiyo. Katika mpaka wa Pokot Magharibi, Elgeyo Marakwet, Baringo na Turkana, uvamizi wa wezi wa mifugo ulikuwa umewafukuza walimu na wanafunzi, mabati yakang'olewa na madarasa kuachwa magofu. Serikali iliahidi kuzijenga upya na kuzifungua, na jeshi likapewa sehemu ya kazi hiyo. Kumwona mwanajeshi ameshika mwiko wa mwashi badala ya bunduki ni jambo ambalo wazee wa maeneo hayo, waliozoea kumwona akija kuwapokonya mifugo na silaha, hawakulizoea. Si ajabu kwamba mkuu wao alitaka kuliona kwa macho yake.

Helikopta yake ilikuwa aina ya Huey, iliyoundwa na kampuni ya Bell ya Marekani. Ni ndege ya jamii ya zamani: ya kwanza iliruka mwaka 1956, na umaarufu wake ulitokana na vita vya Vietnam. Kenya ilipokea kadhaa zilizoboreshwa kutoka serikali ya Marekani kuanzia mwaka 2016. Zinasifiwa kwa uwezo wa kutua palipo pagumu, na katika nchi ya mabonde na makorongo kama Kaskazini mwa Bonde la Ufa, sifa hiyo ndiyo huhitajika. Lakini ina injini moja.

Akiwa na ujumbe wake, jenerali alifika katika Shule ya Upili ya Wavulana ya Cheptulel, Pokot Magharibi. Muda mfupi baada ya kuruka kutoka hapo, saa nane na dakika ishirini alasiri, helikopta ilianguka katika eneo la Sindar, lokesheni ya Kaben, Marakwet Mashariki, na kushika moto. Watu 12 walikuwa ndani yake. Hesabu kamili iliyotangazwa na Rais Ruto jioni hiyo ilikuwa ya kwamba waliokufa ni Ogolla na wanajeshi wengine tisa, na kwamba wawili waliokolewa. Miongoni mwa waliokufa walikuwemo brigedia, kanali, marubani na masajini, mmoja wao mwanamke.

Mtu asiyejua urubani huenda akauliza ni kwa nini ndege iliyokuwa imepaa kidogo tu iwaue wengi kiasi hicho. Helikopta ikizimikiwa na injini haiporomoki kama jiwe. Ikiwa juu ya kutosha, rubani huishusha, upepo unaopanda ukayazungusha mapanga yake, na mzunguko huo ukamwezesha kutua kwa kishindo kinachovumilika. Kila rubani mwanafunzi hulifanyia mazoezi jambo hilo mara nyingi akiwa na mkufunzi wake. Lakini lahitaji mojawapo ya vitu viwili: kimo au mwendo. Dakika ya kwanza baada ya kuruka haina hiki wala kile. Isitoshe, hewa ya alasiri katika bonde lenye joto huwa nyepesi, na hewa nyepesi huwapa mapanga nguvu ndogo ya kuinua mzigo.

Rais aliitisha kikao cha Baraza la Usalama la Kitaifa, akatangaza siku tatu za maombolezo na kuagiza bendera zipandishwe nusu mlingoti. Jeshi la Anga lilituma wachunguzi mahali pa ajali siku hiyo hiyo. Matokeo ya uchunguzi wa Wizara ya Ulinzi, yaliyofahamika kwa umma mwaka 2025, yalitaja hitilafu ya injini. Kabla ya hapo minong'ono ilikuwa imejaa kila mahali, kama ilivyo desturi kiongozi anapokufa angani nchini Kenya.

Na desturi hiyo haikuzuka bure. Aprili 10, 2006, ndege ya Jeshi la Anga aina ya Y-12 ilianguka karibu na mji wa Marsabit na kuwaua watu 14, wakiwemo wabunge Bonaya Godana na Mirugi Kariuki, waliokuwa wakienda kupatanisha jamii zilizokuwa zikiuana baada ya mauaji ya Turbi ya mwaka 2005. Juni 10, 2012, Waziri George Saitoti na naibu wake Orwa Ojodeh walikufa katika helikopta ya polisi msituni Ngong. Septemba 18, 2023, miezi saba tu kabla ya ajali ya Sindar, helikopta ya kijeshi ilianguka Lamu usiku ikiwa katika doria, na waliokuwemo wakafa. Ajali ya Marsabit ndiyo inayofanana zaidi na hii. Katika zote mbili, waliokufa walikuwa wakienda kaskazini kwa ajili ya amani, katika ndege ya jeshi, kwa sababu njia ya ardhini ni ndefu au ni ya hatari.

KUZIKWA BILA JENEZA

Ibada ya kijeshi ilifanyika Jumamosi, Aprili 20, katika uwanja wa Ulinzi jijini Nairobi. Kesho yake jenerali alizikwa nyumbani kwake Ng'iya, Kaunti ya Siaya, kwa heshima zote za kijeshi.

Kilichowashangaza wengi ni namna alivyozikwa. Miongoni mwa Waluo mazishi ya mtu mkubwa yaweza kuchukua wiki kadhaa za matayarisho, na jeneza huwa sehemu ya heshima ya marehemu. Familia ilieleza kwamba Ogolla alikuwa ameacha maagizo ya wazi: azikwe katika muda wa saa 72, bila jeneza. Akazikwa hivyo, siku ya tatu, akiwa amesitiriwa kwa sanda. Mjadala ulizuka mara moja. Wapo waliosema utamaduni umedharauliwa, na wapo wengi zaidi waliokumbuka madeni waliyobaki nayo baada ya kuwazika wazazi wao.

Alikuwa amelitumikia jeshi kwa miaka 40 kasoro siku sita. Katika wadhifa wa Mkuu wa Majeshi, zilimsalia siku 10 kutimiza mwaka.

Mei 2, 2024, Rais Ruto alimteua Charles Kahariri, afisa wa Jeshi la Wanamaji, kuchukua nafasi hiyo na kumpandisha cheo kuwa Jenerali. Siku hiyo hiyo Meja Jenerali Fatuma Ahmed aliteuliwa kuliongoza Jeshi la Anga, akawa mwanamke wa kwanza nchini kuongoza mojawapo ya matawi ya jeshi. Wanajeshi wa Operesheni Maliza Uhalifu hawakuondolewa baada ya kifo cha mkuu wao, na ujenzi wa shule alizokwenda kuzikagua uliachwa mikononi mwao.